Barabara ya Malindi–Mombasa: vikomo vya mwendo, kamera na faini. Hesabu kamili ni ipi?

MwenyeVani_Malindi

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naomba majibu ya wanaoijua hii kazi kwa undani.

Nina vani mbili za watalii, Hiace zote, zenye gavana, kile kifaa cha kuzuia gari lisipite mwendo fulani. Safari zake nyingi ni Malindi na Watamu kwenda uwanja wa ndege wa Moi kule Mombasa, na kurudi. Madereva hawaishi kubishana. Mmoja anashikilia kwamba gari lenye gavana ya 80 halina wa kuligusa popote, maadamu halijapita 80. Mwenzake anasema hapana: Gede, Matsangoni, Tezo, na ukiingia Mtwapa ni 50, na mtu akipimwa 67 hapo atalipa sawasawa na aliyepimwa 97 porini. Nani mwenye haki? Na faini yenyewe ni kiasi gani, maana kila ninayemuuliza ana bei yake.

Swali jingine ni kile kipimo cha mwendo cha mkononi. Askari kasimama mbali chini ya mwembe, magari matatu yamefuatana. Anajuaje kwamba namba iliyotokea ni ya gari langu wala si ya yule aliye mbele? Na hizi kamera za kudumu zinazozidi kuwekwa kwenye barabara kuu za dunia zina tofauti gani na hicho kipimo?

La mwisho, mdogo wangu anakwenda Italia kwa wakwe zake, atakodi gari Milano mpaka Rimini. Hapa mjini kuna watu walirudi kutoka kule, na baada ya miezi minane barua ya faini ikawafuata hadi Malindi. Hilo lawezekana vipi?

Natanguliza shukrani.

Karani_wa_Zamani

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Dereva wako wa pili ndiye anayejua. Wa kwanza mkalishe chini leo kabla hajakutia hasara.

Gari lolote lina vikomo viwili kwa wakati mmoja, cha aina ya gari na cha mahali, na kinachokufunga ni kile kilicho chini. Kwa aina, gari la abiria kikomo chake ni 80, na vani ya watalii imo humo. Gari dogo la binafsi ni 100 kwenye barabara ya kawaida, na 110 pale ambapo pande mbili zimetenganishwa. Sasa njoo kwenye mahali. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kimeweka kilomita 50 kwa saa ndani ya mipaka ya kituo cha biashara, mji, manispaa au jiji. Hapo vani, lori na gari la mkubwa ni sawa. Alama iliyowekwa barabarani inaweza kubadilisha kiwango hicho, na ndiyo maana mbele ya shule utaona 30. Lakini usijifariji kwamba kibao cha 50 kikiwa kimeanguka au kimefunikwa na mkwaju basi uko huru. Ukiona maduka pande zote mbili, stendi ya bodaboda na matuta, jihesabu umeshaingia kwenye 50.

Faini za makosa madogo ziko kwenye kanuni za mwaka 2016. Kinachohesabiwa ni kilomita ulizozidisha juu ya kikomo cha pale ulipo:

1 hadi 5: onyo
6 hadi 10: shilingi 500
11 hadi 15: shilingi 3,000
16 hadi 20: shilingi 10,000

Itazame vizuri ile hatua kati ya 15 na 16. Kilomita moja tu, shilingi 7,000. Aliyepimwa 65 Matsangoni analipa 3,000, na aliyepimwa 66 analipa 10,000. Kwa hiyo 67 kwenye 50 ni ziada ya 17, na 97 kwenye 80 ni ziada ya 17 vilevile: zote 10,000. Dereva wako amepatia hata mfano.

Juu ya 20 umetoka kabisa kwenye jedwali hilo. Hapo ni mahakamani, na sheria inampa hakimu uwezo wa kutoza faini hadi shilingi 100,000. Maana yake vani inayopita Tezo kwa 71, ambayo gavana yake haijalia wala kukata, iko kwenye kundi zito kuliko gari dogo lililokimbia 118 katikati ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Madereva wengi wa magari ya abiria wanaangukia hapa, kwa sababu gavana imewazoesha kuamini kwamba 80 ndiyo sheria nzima.

Ukipewa karatasi ya kosa, isome kabla hujaondoka. Yatakiwa iwe na namba ya gari, aina ya gari, mahali, saa, kikomo kinachodaiwa na mwendo uliopimwa. Kwenye mahali ndipo makosa yanapojaa. "Barabara ya Malindi" si mahali. Omba paandikwe kituo chenyewe na upande ulikokuwa ukielekea, kwa sababu bila hivyo huwezi baadaye kuonyesha kama ulikuwa ndani ya 50 au umeshatoka. Ukikubali kosa unalipa kwa njia rasmi na kupata risiti. Ukikataa, unakwenda mahakamani siku iliyoandikwa, na siku hiyo usikose, maana hakimu anaweza kutoa hati ya kukamatwa. Pesa ya mkononi bila risiti haifuti chochote: kosa linabaki, na wewe umeongeza kosa la hongo juu yake.

Anayetaka kujitetea asiende na "nilikuwa nafuata wenzangu". Aende na vitu. Picha za alama zilizopigwa kutoka upande alikotokea, zianze mita 300 kabla ya pale aliposimamishwa, zikionyesha kama kibao kinaonekana au kimezibwa na majani. Karatasi iliyochapishwa kutoka kwenye kifaa cha kufuatilia gari, kama kipo, yenye mwendo na saa ya dakika ileile. Na ombi la maandishi la kuonyeshwa cheti kwamba kipimo kilihakikiwa. Sheria hairuhusu mtu atiwe hatiani kwa kosa la mwendo kwa maoni ya shahidi mmoja peke yake aliyekadiria kwa macho. Penye kipimo, hoja inahamia kwenye kipimo chenyewe: kilitumiwaje, kilihakikiwa lini, kililenga gari gani. Hilo namwachia fundi, najua hatakosa kupita hapa.

Fundi_Vipimo

Nimefika, mzee wangu.

Vipimo vya mkononi ni vya namna mbili, na watu wanavichanganya. Kuna rada na kuna leza.

Rada inatuma mawimbi, mara nyingi karibu na gigahezi 24, na kusoma jinsi mawimbi yanavyobadilika yanaporudi kutoka kwenye kitu kinachotembea. Mawimbi yake yanatawanyika kama mwanga wa kurunzi. Kipimo chenye mtawanyiko wa nyuzi 12 kikielekezwa mita 300 mbele kinafunika upana wa zaidi ya mita 60. Barabara nzima imo, na mashamba ya pande zote mbili. Kwa rada ya namna hiyo swali lako ni la haki kabisa: namba inayotokea huwa ya gari lenye mrejesho wenye nguvu zaidi, na lori refu la nyuma laweza kuifunika vani iliyo mbele yake. Askari aliyefundishwa hapimi kwa rada magari yaliyofuatana. Anasubiri gari lililo peke yake.

Leza ni jambo jingine. Inatuma mapigo mafupi ya mwanga usioonekana, mamia kadhaa ndani ya theluthi moja ya sekunde, na kila pigo linapima umbali. Umbali ukipungua kwa mfululizo unaoeleweka, mwendo unapatikana. Mwanga wake ni mwembamba: kwenye mita 300 una upana wa kama sentimita 90, kwenye mita 400 mita 1.2, kwenye mita 600 karibu mita 1.8. Hiace ina upana wa takriban mita 1.7. Basi hadi mita 400 hivi, mtu mwenye mkono uliotulia anachagua gari moja kati ya matatu bila shida, na kwenye kioo chake anaona nukta iko juu ya nini. Kuanzia mita 600 mwanga unamwagika nje ya gari na ubishi unaanza kuwa na maana. Kwa hiyo mwombe akuonyeshe umbali. Leza inaandika mwendo na umbali pamoja.

Kuna kosa la kweli ambalo leza inaweza kufanya, nalo ni mkono kuteleza. Kama wakati wa kupima nukta imehama kutoka kwenye namba ya gari kwenda kwenye kioo cha mbele, kifaa kinaona umbali umebadilika kwa mita moja na nusu ambayo gari halikutembea. Vifaa vizuri vinagundua hilo na kutoa alama ya kosa badala ya namba. Ndiyo maana kukiweka kifaa juu ya stendi ya miguu mitatu kunasaidia, na kupima akiwa ameegemea mlango wa gari upepo wa kusi ukivuma hakusaidii.

Lakini acheni ile hadithi kwamba askari akikaa pembeni kipimo kinaongeza. Kipimo kilichosimama mahali pamoja, kikipima kwa pembe, kinapunguza. Kwenye nyuzi 10, gari la 80 linasomwa 78.8. Kwenye nyuzi 25 linasomwa 72.5. Pembe inamsaidia dereva kila mara, kwa hiyo anayejitetea kwa pembe anajichimbia mwenyewe.

Sasa kamera za kudumu. Zile za nukta moja zinapima kwa rada, kwa leza au kwa nyaya zilizozikwa ndani ya lami, kisha zinapiga picha yenye namba ya gari, saa, leni na mwendo. Udhaifu wake ni tabia ya watu: dereva anaijua, anakanyaga breki mita 100 kabla, anapita kwa 78, halafu anarudi 110. Breki hizo za ghafla zenyewe zinaleta ajali za kugongwa nyuma. Ndiyo sababu nchi nyingi zenye barabara za kasi zinahamia kwenye kamera za wastani. Zipo mbili, umbali kati yake umepimwa sawasawa, na kila moja inasoma namba ya gari na kuandika saa. Kilomita 10 kwa mwendo wa 80 ni sekunde 450. Ukizimaliza kwa sekunde 400 umekwenda wastani wa 90, hata kama kwenye kila kamera ulipita kwa 60. Saa zake zinalinganishwa na setilaiti. Hata ikikosea sekunde nzima, kwenye sekunde 450 hiyo ni kama kilomita 0.2 kwa saa tu. Hapo hakuna cha mkono kuteleza wala gari la jirani.

Mimi naziunga mkono, na sababu ni hesabu ya breki. Chukua lami kavu, tairi nzima, dereva anayeshtuka ndani ya sekunde moja. Kwa 50 gari linasimama ndani ya kama mita 28. Kwa 80 ni mita 58. Kwa 100 ni mita 84. Mtoto akikatiza mita 58 mbele yako pale Gede, wa 80 anasimama miguuni pake. Wa 100, akifika hapo, bado ana mwendo wa karibu 68. Tofauti ya 20 juu ya dashibodi haigeuki kuwa 20 kwenye mwili wa mtu.

MwenyeVani_Malindi

Allah awazidishie. Nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Swali la ziada kwa fundi: vani moja nimeivalisha tairi kubwa zaidi kwa ajili ya safari za Marafa na Tsavo. Dereva wake anasema dashibodi inasoma 80 na simu inasoma 80 vilevile, ilhali kwenye ile nyingine dashibodi ikisoma 80 simu inasoma 76. Ipi mbovu?

Gavana_na_Gia

Ngoja nimsaidie fundi hapa, maana hili ni la karakana.

Hakuna iliyo mbovu, ila moja inahitaji kazi. Dashibodi za magari hutengenezwa ili zisiwahi kuonyesha mwendo mdogo kuliko wa kweli. Kanuni ya kimataifa inaruhusu zionyeshe zaidi, hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Kwa hiyo gari jipya likionyesha 80 huku mwendo wa kweli ni 76, liko sawa kabisa. Hiyo akiba ya kilomita nne ndiyo uliyoila kwa tairi.

Hesabu yake hii. Tairi ya 195/80R15 ina kipenyo cha milimita 693. Ukivaa 225/75R15 kipenyo kinakuwa kama 719, yaani asilimia 3.7 zaidi. Kihisi kwenye gia kinahesabu mizunguko, hakijui ukubwa wa tairi. Kila mzunguko sasa unakwenda mbali zaidi, na dashibodi haina habari. Na si dashibodi tu: gavana nyingi zinachukua mapigo kutoka kihisi hichohicho. Kama ilipangwa kukata kwenye 80 ya kweli na tairi za zamani, sasa inakata kwenye 83. Ukiongeza mteremko kidogo mambo yanazidi, kwa sababu gavana inabana mafuta tu, haishiki breki. Gari lililojaa abiria na mizigo likiteremka litapita kikomo chake kwa kilomita kadhaa na gavana imetulia. Dereva ndiye wa kukanyaga.

Tairi iliyolika inakwenda upande wa pili. Kutoka milimita 8 za meno hadi 2, kipenyo kinapungua milimita 12, asilimia 1.7 hivi. Kwa hiyo ukipima leo na tairi kuukuu, pima tena siku ya kuvaa mpya.

Namna ya kupima bila gharama: tafuta sehemu iliyonyooka na tambarare, isiyo na watu, mapema asubuhi. Hewa ya tairi iwe sawa kwanza. Shika mwendo mmoja kwa dakika nzima, abiria wa mbele ndiye asome simu, si dereva. Fanya kwa 50 na kwa 80, kwenda na kurudi. Simu inachelewa gari linapoongeza au kupunguza, kwa hiyo usisome mpaka namba imetulia. Anayependa njia ya saa, kilomita moja kamili kwa 80 ni sekunde 45, na kwa 50 ni sekunde 72. Ukimaliza, bandika karatasi ndogo chini ya mshale: "50 ya kweli = hapa, 80 ya kweli = hapa."

Kisha ipeleke kwa fundi aliyeidhinishwa apange upya gavana kwa kipimo cha tairi mpya, akupe cheti. Usikubali fundi wa kichochoroni akate waya au abadilishe kipimo ili gari "lipumue". Gavana za kisasa zinarekodi mwendo, na rekodi iliyokatika katikati ya safari inaonekana. Gari likipata ajali, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza mtakayoulizwa.

Bahari_Mbili

Nijibu la Italia, maana hapa Malindi hilo ndilo swali linaloulizwa kila msimu.

Mdogo wako kutoka Milano atashika A1 hadi Bologna, kisha A14 hadi Rimini. Kikomo cha barabara hizo za kulipia ni 130, na mvua ikinyesha kinashuka hadi 110 bila askari kukwambia chochote. Kamera za wastani alizozieleza fundi ziko kule tangu 2005, jina lake Tutor. Zinakaa juu ya barabara kwenye nguzo, na kabla yake kuna kibao cha kutangaza. Akikiona asikanyage breki, aangalie wastani wake tu.

Italia wanampunguzia dereva kidogo kabla ya kumhukumu: asilimia 5 ya mwendo uliopimwa, na isiwe chini ya kilomita 5. Wastani wa 136 ukitoa asilimia 5 unabaki 129.2, hakuna faini. Wastani wa 139 unabaki 132, amezidisha 2, faini ya chini ni yuro 42. Wastani wa 148 unabaki 140.6, amevuka ziada ya 10, na hapo ni yuro 173 na pointi 3 za leseni. Akizidisha zaidi ya 40 ni yuro 543 kwenda juu na leseni inasimamishwa mwezi mmoja hadi mitatu. Zaidi ya 60 ni yuro 845 kwenda juu na kusimamishwa miezi 6 hadi 12. Kati ya saa nne usiku na saa moja asubuhi, ongeza theluthi moja.

Sasa ile barua. Kwa mkazi wa Italia serikali ina siku 90 za kumfikishia. Kwa anayeishi nje ni siku 360. Gari la kukodi linazidi kurefusha safari ya karatasi: barua inakwenda kwanza kwa mwenye gari, yeye anawapa jina na anwani ya aliyekodi, ndipo inaandikwa upya kwa jina lako. Miezi minane ni kawaida kabisa, wala si utapeli. Na pesa ambayo kampuni ya kukodi inakata kwenye kadi mara moja si faini. Ile ni ada yao ya kutoa jina lako. Watu wanaiona, wanadhani wameshalipa, kisha barua ya kweli inakuja wanaitupa. Hilo ndilo kosa linalowaumiza wengi.

Barua ikifika, tarehe ya kupokea ndiyo kila kitu. Ukilipa ndani ya siku 5 unapunguziwa asilimia 30: 173 inakuwa 121.10, gharama za kutuma kando. Kuanzia siku ya 6 hadi ya 60 ni bei ya chini kamili. Baada ya 60 inaruka hadi nusu ya kiwango cha juu, yaani ile ya 173 inakuwa 347. Anayepinga akiwa anaishi nje ana siku 60, iwe kwa hakimu wa amani (mkazi wa Italia hapo ana 30) au kwa mkuu wa mkoa, na achague mlango mmoja. Akishalipa, amefunga milango yote miwili. Kulipa kutoka Kenya fanya kwa benki kwa maelekezo yaliyo kwenye barua, na namba ya kosa iandikwe kwenye maelezo ya malipo herufi kwa herufi. Pesa isiyo na namba hiyo inafika na haijulikani ni ya nani.

Na kabla hajapanda ndege apate kibali cha kimataifa cha kuendesha, hutolewa na AA ya Kenya, chama cha wenye magari, aambatanishe na leseni yake. Leseni ya Kenya peke yake haimtoshi kule, hata kama wa kaunta ya kukodi amempa funguo bila kuuliza. Katikati ya miji ya zamani, Bologna ikiwamo, awe macho na maeneo yaliyofungiwa magari ya wageni. Kamera zake hazihusiki na mwendo, zinasoma namba tu, na kila kuingia ni faini yake.

Dereva_Kijana_Ngomeni

Na vipi kumulikiana taa kuonya kwamba mbele kuna askari? Si ni usaidizi tu?

Karani_wa_Zamani

Hapana mwanangu. Unayemmulikia humjui. Anaweza kuwa ndiye aliyelewa, au gari la wizi linalotafutwa. Na hata akiwa mtu mwema, anashuka hadi 50 kwa mita 500 za askari, kisha anaingia kituo kinachofuata kwa 90 kwa sababu hapo hakuna aliyemmulikia. Watu wa kituo hicho ndio wanaolipa.

Ratiba_na_Safari

Kwa mwenye vani: kazi yako kubwa iko kwenye daftari kuliko barabarani. Kamera inasoma namba ya gari, na namba inamtaja aliyeandikwa kwenye logbuku, hati ya umiliki wa gari. Usipoweza kusema nani alikuwa usukani saa fulani, tatizo ni lako. Weka karatasi ya safari kwa kila gari: tarehe, jina la dereva na namba ya leseni, saa ya kutoka, saa ya kufika, kilomita za kuanzia na za kumalizia, sahihi. Dereva akibadilishwa njiani Kilifi, mstari mpya. Zihifadhi, usizitupe mwisho wa mwezi. Na kama una gari uliloliuza, hakikisha umiliki umehamishwa ndani ya siku 14 kama sheria inavyotaka. La sivyo makosa ya mnunuzi yatakuja kwako.

Halafu ratiba. Sheria haimgusi dereva tu, inamgusa pia mwenye gari anayesababisha au kuruhusu mwendo huo. Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Tuseme 30 kati ya hizo zimo ndani ya vituo na miji: kwa 50 ni dakika 36. Zilizobaki 90 kwa 80 ni dakika 67 na nusu, kwa 100 ni dakika 54. Kuvunja sheria kwenye kilomita zote hizo 90 kunaokoa dakika 13 na nusu, na foleni moja ya Mtwapa inazimeza zote. Kwa hiyo usimwambie mgeni saa moja na nusu. Panga muda wa saa mbili na nusu hadi uwanja wa ndege, na tatu ikiwa ni Ijumaa jioni au mwisho wa mwezi, kisha hesabu kurudi nyuma kutoka saa ya kuripoti, si saa ya ndege kuruka. Ndege ya saa nane mchana inayotaka mtu aripoti saa sita: gari litoke Malindi saa tatu na nusu asubuhi, na la Watamu dakika 20 baadaye, likutane nalo njia panda ya Gede kama abiria ni wa kundi moja.